Laini Kumi na Sita

Usiku wa Februari, Kapuskasing.
Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
na mlango wa nyuma wa jengo la simu umeganda.
Réjeanne Dutrisac kaupiga teke mara mbili,
kwa buti la kushoto, kama kila siku.

Mimi nina miaka ishirini, penseli sikioni,
na jibu.
Mia hamsini na tano nukta tano mbili:
ndizo megabiti za mwanga tutakaouwasha saa tisa.
Laini moja ya shaba: moja nukta tano nne nne.
Nimegawanya ukutani, juu ya rangi ya kijani,
nikapata mia na chenji.
"Laini mia," nikasema. "Nimeshamwambia bosi kule Timmins."

Heri angenicheka.
Alivua glavu moja, akaandika chini ya hesabu yangu:
themanini na nne.
"Haya, Osias. Nitafutie hizo kumi na sita."

Nikazitafuta.
Laini ishirini na nane huingia ndani ya moja kubwa;
zidisha, ni arobaini na tatu na kitu,
lakini ile kubwa inakwenda arobaini na nne
nukta saba tatu sita. Nani kaongeza?
Kisha hiyo nayo inavalishwa
hamsini na moja nukta nane nne,
shati la kaka mkubwa, mikono inapwaya.
Tatu za namna hiyo, ndipo unafika kwenye mwanga.
Kila kituo kuna anayemega.
"Wezi," nikasema.

"Saa," akasema yeye.
Kinu cha karatasi kina saa yake. Hospitali ina yake.
Ya Hearst inakimbia, ya Moonbeam inachechemea,
kwa kijisehemu cha sekunde ambacho hata mbwa hakisikii,
na wote wanapanda gari moja.
Basi unaacha viti vitupu.
Unajazia biti zisizosema neno.
Unabandika kikaratasi: huyu leo kaanzia kiti cha tisa,
kesho huenda akaanzia cha kumi.
"Mgawanyo wako, kijana,
ni wa mtu ambaye hajawahi kumngojea mtu."

Nje katapila la theluji lilipita likikwaruza.
Mama yangu hupakua chakula cha baba
kabla zamu ya usiku haijaisha,
akakifunika kwa sahani nyingine,
akageuza mpini wa kijiko kuelekea kiti kitupu.
Kawia ufike.
Sikuwahi kuihesabu ile sahani ya juu.

Lakini kinachonishangaza mpaka leo ni mlango wa mwisho,
pale shaba inapokoma na leza inapoanza.
Nilidhani pale ndipo penye hesabu yenyewe,
umeme kugeuka mwanga, jasho litoke.
Hakuna hesabu.
Namba iliyoingia ndiyo iliyotoka,
hata biti moja haikuzidi wala kupungua.
Ilikuwa volti, sasa ni kuwaka na kuzima
ndani ya kioo chembamba kuliko unywele wa Réjeanne,
ambao tayari ulikuwa na mvi.
Ugumu wote ulibaki nyuma,
kwenye kuwapanga wasiolingana wakae pamoja.

Saa tisa na dakika nne akachomeka uzi.
Taa nyekundu. Njano, muda mrefu, njano.
Kijani.
Simu ya majaribio ikalia, akanisukumia mimi.
Alikuwa Euclide, fundi wa Hearst, sauti yake karibu mno,
kana kwamba kasimama nyuma ya kabati.
"Mnanipata? Huku mbwa amelalia hita,
sisi wengine tunakufa."
Maneno ya kwanza kupita kwenye mwanga wetu.

Asubuhi nikapiga Timmins.
"Themanini na nne," nikasema.
"Na zile kumi na sita?"
"Zinangojea watu."
Bosi akakata simu.
Réjeanne alikuwa chini ya meza, anatafuta glavu yake.